Kumpiga msasa mpangaji kabla ya kumpa ufunguo: niliyojifunza hapa Nakuru (uzi mrefu)

Mwenye uzi, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu marehemu mume wangu atutoke nimekuwa nikisimamia ploti yetu ya nyumba kumi na mbili huku Free Area, nikisaidiwa na keateka (mtunza ploti) mmoja. Wiki iliyopita mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye amemaliza kujenga nyumba sita kule Lanet, aliniomba nimweleze namna ya kuchagua wapangaji, nami nikazungumza naye kwa saa mbili bila kumaliza. Nimeona afadhali niyaandike hapa. Wenye uzoefu mnirekebishe, na wapangaji pia mseme, kwa maana jambo hili linawahusu kuliko linavyotuhusu sisi.

Nianze na lililonifundisha. Mwaka wa 2022 nyumba namba 7, yenye chumba kimoja cha kulala, ilibaki tupu mwisho wa mwezi. Jumapili jioni akaja kijana nadhifu mwenye gari dogo jeupe, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaniamkua vizuri, akasema kampuni yake imemhamishia Nakuru na kwamba vyombo vyake tayari viko njiani ndani ya lori. Alinipa barua ya kazi yenye muhuri wa bluu. Akalipa hapo hapo kwa M-Pesa kodi ya mwezi mmoja, shilingi 8,500, pamoja na diposti ya kiasi hicho hicho. Ujumbe ulipoingia niliona umetoka kwa mwanamke nisiyemjua. Nilipouliza, aliniambia ni dada yake. Nikampa ufunguo hata chai niliyomwandalia haijapoa.

Alilipa miezi mitatu. Mwezi wa nne aliomba nimsubiri hadi tarehe 15, kisha hadi mshahara utoke, kisha hadi mgonjwa wake aruhusiwe kutoka hospitalini, na mimi, kwa kuwa nilimhurumia na nilidhani barua ile inamshika mahali, nikasubiri hadi ikafika miezi mitano. Jumanne moja asubuhi keateka alinigongea kuniambia mlango wa namba 7 uko wazi. Tulikuta ufunguo umewekwa ndani ya sinki lililopasuka, waya wa taa umekatwa sebuleni, na ukutani alama ya mraba mahali palipokuwa na televisheni. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Ndipo nikaitoa barua ile kwenye faili na kupiga nambari iliyoandikwa juu yake. Ilipokelewa na mtu anayeuza vipuri vya magari ambaye hakuwahi kulisikia jina la kampuni hiyo.

Barua ilikuwa kwangu tangu siku ya kwanza, wanajukwaa. Nambari ilikuwa pale pale kwa muda wa miezi minane, na sikuwahi kuipiga.

Nilifanya hesabu kwenye kaunta buku. Kodi ya miezi mitano ni 42,500. Nikitoa diposti, inabaki 34,000. Sinki, kitasa, waya na rangi vilinigharimu 11,000, na bili ya maji aliyoiacha ilikuwa 2,300. Jumla ni 47,300. Lau ningeiacha nyumba ile ikae tupu wiki tatu nzima nikimchunguza yeye na wengine, ningepoteza takriban 6,400. Hofu ya nyumba kukaa tupu ndiyo inayotufanya tumkabidhi ufunguo mtu wa kwanza anayetoa pesa, na ukiilinganisha na hesabu hii utaona kwamba ni hofu isiyo na msingi.

---

Mwenye uzi, Nakuru (naendelea)

Sasa nieleze ninavyofanya. Kazi huanza kwa simu, kabla mtu hajaiona nyumba. Ninamtajia kodi, diposti, mpango wa maji, mita ya umeme wa tokeni ambayo kila nyumba ina yake, na saa ya kufungwa kwa lango, halafu ninamuuliza maswali matano: watakaoishi humo ni wangapi, anataka kuhamia lini, anahama alipo kwa sababu gani, riziki yake inatoka wapi, na kama atakubali nizungumze na mwenye nyumba wake wa sasa na yule wa kabla yake. Maswali ni hayo hayo kwa kila mtu, kwa mpangilio huo huo, na majibu nayaandika kwenye kaunta buku pamoja na tarehe na saa aliyopiga. Nimeona kwamba wengi wenye nia isiyo njema hujiondoa wenyewe wanaposikia swali la tano, bila hata kuhitaji kukataliwa.

Akija kutazama, naomba kitambulisho chenyewe, si picha iliyo kwenye simu. Natazama sura, nasoma majina yote matatu, kisha namweleza kwamba malipo ya kwanza lazima yatoke kwenye laini iliyosajiliwa kwa majina hayo. Ujumbe wa M-Pesa hubeba jina la aliyetuma, na kwa hiyo ni uthibitisho ambao haugharimu chochote. Ikiwa atalipiwa na mzazi au mwajiri, si vibaya, lakini basi nizungumze na huyo anayelipa kabla ya pesa kuingia. Tena nasubiri ujumbe uingie kwenye simu yangu na salio libadilike. Siangalii ujumbe anaonionyesha kwenye simu yake, kwa sababu huo mtu anaweza kuuandika mwenyewe.

Kuhusu kipato, wengi hutumia kanuni ya kwamba kodi isizidi theluthi ya anachopata mtu, nami naifuata kwa kiasi. Kwa mwajiriwa usitazame mshahara ulioandikwa juu ya hati yake. Tazama unaobaki mkononi baada ya makato. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, maana yake ni kwamba mtu anayeonekana kupata 45,000 anaweza, kwa sababu ya mikopo ya sako (chama cha akiba na mikopo) na benki, kupeleka nyumbani 15,000 tu bila sheria kuvunjwa. Huyo hawezi nyumba ya 8,500 akala, akasomesha na akalipa nauli.

Kwa mfanyabiashara mdogo hati kama hiyo haipo, na hapo ndipo wenye nyumba wengi hukosea kwa kumfukuza. Mtu wa namna hiyo namwomba anionyeshe kwenye taarifa yake ya M-Pesa mistari ya kodi aliyolipa miezi sita iliyopita, basi. Sitaki kuona alimtumia nani pesa za shule au alikopa wapi. Mistari sita inayoonyesha kodi ikitoka kati ya tarehe 1 na 6 kila mwezi inaniambia mengi kuliko barua yoyote yenye muhuri, kwa kuwa muhuri huchongwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Mama anayeishi namba 3 hakuwa hata na mistari hiyo, kwa sababu mwenye nyumba wake wa zamani alipokea pesa taslimu na hakutoa risiti. Nikamwambia nitamtembelea kazini. Nilikwenda soko la Wakulima saa nne asubuhi, nikamkuta amepanga nyanya kwa mafungu, za kuiva mbele na mbichi nyuma. Nilikaa karibu naye nusu saa. Katika muda huo wateja watatu walimlipa deni la jana, na mwenzake wa meza ya pili alimwachia mfuko wa pesa akaenda msalani. Sikuuliza zaidi. Ana mwaka wa nne sasa kwenye ploti yetu, na tarehe 5 haijawahi kumpita.

Simu kwa mwenye nyumba aliyetangulia nayo ina ufundi wake. Usianze kwa kusema, "Nakupigia kuhusu mpangaji wako fulani." Anza kwa kuuliza, "Samahani, nasikia una nyumba za kupangisha. Kuna iliyo tupu?" Mwenye nyumba wa kweli atakujibu papo hapo kuhusu ngapi, bei gani na mtaa gani. Rafiki aliyepangwa aigize atababaika. Ukisharidhika naye, jitambulishe wazi na umuulize yale mambo yanayoweza kujibiwa kwa tarehe na hesabu: alikaa kwa muda gani, alilipa tarehe ngapi kwa kawaida, alitoa notisi, aliacha nyumba katika hali gani. Na umtafute yule wa kabla ya wa sasa pia, kwa sababu wa sasa, akiwa anasumbuliwa na mpangaji huyo, atamsifu ili amwondokee.

Mwisho, ufunguo sitoi siku ile ile ya kutazama nyumba, hata awe nani, hata lori liwe nje linanguruma.

---

Mchangiaji, Kisumu

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni keateka wa nyumba ishirini na nane hapa Migosi na nina miaka tisa katika kazi hii. Uliyoyasema ni kweli, ila ningependa wenye nyumba wasikie upande wetu, kwa sababu wengi wao hawaishi hapa na mtu anayemchagua mpangaji kwa hakika ni sisi.

Mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa akinilipa kitu kidogo kila nilipojaza nyumba. Nikijaza leo, napata leo. Mpangaji akitoroka baada ya miezi miwili, najaza tena na kupata tena. Ninasema kwa moyo safi kwamba mpango huo humfanya keateka asiulize maswali, hata kama ni mtu mwaminifu. Tajiri niliye naye sasa hunipa malipo hayo mpangaji anapomaliza mwezi wa tatu akiwa hana deni. Tangu hapo nimekuwa nikipiga simu mwenyewe mahali alikotoka mtu, bila kuagizwa.

Jambo la pili ni kwamba sisi makeateka wa Migosi, Kondele na Manyatta tunajuana. Mtu akiniambia alikuwa akiishi ploti fulani karibu na duka fulani, ninampata keateka wa pale kwa dakika kumi. Na dalili za mtu anayejiandaa kutoroka tunazijua, kwa maana vitu havitoki kwa lori. Hutoka kidogo kidogo. Wiki hii mtungi wa gesi unapelekwa "kujazwa" na haurudi, wiki ijayo godoro linapelekwa "kwa dada", mwishowe inabaki pazia tu dirishani ili watu wadhani kuna mtu. Ukiona hivyo, mpigie simu mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

---

Mchangiaji, Kakamega

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma uzi wako wote na nakushukuru kwa kumfuata yule mama sokoni badala ya kumhukumu kwa kukosa karatasi. Mimi ni fundi wa cherehani, ninaishi Lurambi na watoto wangu wawili, na mwaka jana nilitafuta nyumba kwa wiki tano.

Naomba niseme yaliyonipata. Nyumba ya kwanza ajenti alinitoza 500 ya kutazama, akanionyesha nyumba ambayo tayari ilikuwa na mtu. Ya pili niliambiwa wazi kwamba hawachukui wanawake wasio na waume kwa kuwa "wanaleta wanaume". Ya tatu niliulizwa jina la baba yangu, na mwenye nyumba alipolisikia akasema amekumbuka kwamba nyumba imeshachukuliwa. Bango lilibaki langoni wiki mbili zaidi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeniuliza kama ninalipa kodi kwa wakati, ambayo nimelipa miaka sita bila kukosa mwezi hata mmoja, na risiti ninazo kwenye bahasha.

Tena lipo suala la diposti. Wenye nyumba wanalalamika kwamba wapangaji hawalipi mwezi wa mwisho, lakini hawasemi ni kwa nini. Sisi tunajua kwamba tukitoka, diposti haitarudi: tutaambiwa ukuta umechafuka, tutaambiwa rudi Jumatatu, hadi tuchoke. Ndiyo maana mtu anaamua kuikalia. Je, wewe Mwalimu unafanyaje?

---

Mwenye uzi, Nakuru

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hayo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu umegusa mambo mawili ambayo nilipaswa kuyasema mwanzoni.

La jina la baba linaniuma kwa namna ya pekee. Walioishi Nakuru mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hawahitaji kuelezwa. Katika ploti yetu, wapangaji wawili waliondoka usiku na watoto wao, wakiwa wameshikilia mablanketi, kwa sababu ya majina yao tu, na mume wangu aliwapeleka kwa gari lake hadi mahali penye usalama. Hao wawili ndio walikuwa walipaji bora tuliokuwa nao. Mmoja wao alitutumia kodi ya mwezi ule wa Januari mnamo mwezi wa Aprili, ingawa hakulala humo na hatukumdai. Tangu wakati huo sijaona sababu ya kuuliza mtu anatoka wapi, kwa kuwa jibu halinisaidii kujua lolote ninalohitaji kujua. Kijana wa namba 7, kwa kuwa najua kuna watakaoniuliza, alikuwa wa kabila langu mwenyewe, na nadhani hilo pia lilichangia mimi kutopiga ile simu.

Kuhusu wanawake wanaolea watoto peke yao, kaunta buku langu la miaka kumi na moja linaonyesha kwamba ndio wanaokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu shule ya mtoto haihamishwi ovyo. Sisemi hivyo ili nao wapendelewe. Nasema maswali yawe yale yale kwa wote, na anayetimiza kwanza ndiye apate nyumba. Ndiyo maana naandika saa ya simu.

La diposti umesema kweli. Siku ya kutoa ufunguo mimi na mpangaji tunaingia nyumbani pamoja na karatasi mbili. Tunafungua kila bomba, tunawasha kila taa, tunavuta maji chooni, tunaandika ufa ulio ukutani na kigae kilichopasuka, tunapiga picha, kisha tunatia sahihi nakala zote mbili, yake na yangu. Akihama tunarudi na karatasi ile ile. Kilichokuwa kimevunjika kabla hakimhusu. Rangi iliyofifia kwa sababu ya kuishi humo haimhusu pia. Kinachobaki narudisha ndani ya siku saba, na muda huo umeandikwa kwenye mkataba. Tangu nianze hivyo, ni mpangaji mmoja tu aliyekalia diposti yake, na hata huyo aliniambia mapema.

Ada ya kutazama nyumba sitozi, na ninamkataza keateka wangu kuitoza. Mtu anayelipia kuona nyumba ana haki ya kudhani anatapeliwa.

---

Mchangiaji, Njoro

Mwalimu, sisi tulio karibu na Chuo Kikuu cha Egerton tuna shida ya namna nyingine. Mpangaji wangu ni mwanafunzi wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kupanga popote, hana mshahara wala mwenye nyumba wa awali. Hapo yale maswali yako ya nne na ya tano yanakwama.

Ninachofanya ni kumtaka mdhamini, yaani mzazi au mlezi, atie sahihi kwenye mkataba na kukubali kulipa kodi iwapo mtoto atashindwa. Simpigii mzazi kwa nambari anayonipa kijana na kuridhika; naomba mzazi aje mwenyewe siku ya kuhamia, au kama yuko mbali, yeye ndiye atume malipo ya kwanza ili jina lake lionekane. Kisha tunakubaliana kuhusu miezi ya likizo. Ugomvi mwingi wa nyumba za wanafunzi unatokana na hilo: mwanafunzi anadhani asipokuwepo hadaiwi, mwenye nyumba anadhani maadamu vitanda vimebaki ndani, kodi inadaiwa. Mimi natoza nusu ya kodi kwa miezi ya likizo na imeandikwa. Wengine hawafanyi hivyo na wana haki yao, mradi iandikwe.

---

Mchangiaji, Kisumu (wakili)

Nawasalimu wote. Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na ningependa kuongeza mambo machache ya kisheria, kwa kuwa baadhi ya mazoea yaliyoenea yanaweza kumfikisha mwenye nyumba pabaya.

Aliyoyapata dada wa Kakamega yanagusa Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu hicho kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine, na hakiishii kwa serikali pekee. Kinasema pia kwamba mtu asimbague mwingine kwa misingi hiyo. Mwenye nyumba anayo haki ya kukataa mtu asiyeweza kulipa au aliyedanganya kuhusu alikotoka. Hana haki ya kumkataa kwa sababu hana mume.

Pili, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Nakala ya kitambulisho, hati ya mshahara na taarifa ya M-Pesa ni data ya kibinafsi, na anayezikusanya anawajibika. Anapaswa kueleza anazitaka kwa lengo gani, achukue zile tu zinazohitajika kwa lengo hilo, azihifadhi kwa usalama, na asikae nazo kuliko inavyohitajika. Kampuni na mawakala wanaosimamia nyumba za watu wajue kwamba kanuni za usajili za mwaka wa 2021 zinaitaja kazi ya usimamizi wa mali miongoni mwa zile ambazo hazipati msamaha wa kutojisajili kwa Kamishna wa Data hata kama biashara ni ndogo. Nasikitika kusema kwamba nimeona makundi ya WhatsApp ya wenye nyumba ambamo picha za vitambulisho vya wapangaji husambazwa zikiwa na maneno "huyu ni mwizi". Ndugu keateka wa Migosi, kumpigia mwenzako umuulize kuhusu mtu aliyekubali uulize ni jambo moja; kumtangaza kwa watu mia mbili ni jambo lingine kabisa, na ni la kushtakiwa.

Tatu, kwa wale wanaofikiri kwamba uchunguzi si muhimu kwa kuwa wanaweza kufunga mlango kwa kufuli au kung'oa mabati mpangaji akishindwa kulipa: sheria haiwapi mamlaka hayo. Kumtoa mtu nyumbani kunahitaji amri ya mahakama au ya baraza husika, na kukamata mali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi hufanywa na dalali mwenye leseni kwa mujibu wa Sheria ya Ukamataji Mali kwa Kodi, Sura ya 293. Vyumba ambavyo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, ambavyo bado tunavyo sehemu nyingi za Nyalenda na Obunga, viko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambayo inamlinda mpangaji zaidi. Njia hizo zote huchukua muda na pesa. Hesabu ya Mwalimu ya 47,300 ni ndogo ukilinganisha na nilizoziona mahakamani.

---

Mchangiaji, Kisumu

Wakili, nimekusikia na nakubali. Kundi letu la makeateka lilikuwa na picha hizo. Nimemwomba msimamizi azifute leo, na kuanzia sasa tunapigiana simu tu.

Ninalo swali moja. Vipi kuhusu cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi na ripoti ya mikopo? Tajiri mmoja hapa jirani anavitaka vyote viwili kwa bedisita (nyumba ya chumba kimoja) ya 6,000.

---

Mwenye uzi, Nakuru

Wakili atanisahihisha, lakini mimi naona hayo ni kumtwika mtu mzigo bure. Cheti cha polisi kinaombwa kupitia eCitizen na kinagharimu 1,050, na mtu anasubiri. Kitakuambia kama ana rekodi ya uhalifu, hakitakuambia kama analipa kodi. Ripoti ya mikopo mtu anaweza kuipata bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kampuni za taarifa za mikopo zilizosajiliwa, lakini ni watu wangapi waaminifu walichelewesha mkopo mdogo wa simu wa shilingi elfu moja wakati wa korona? Kwa nyumba ya 60,000 huko Milimani labda ina maana. Kwa bedisita ya 6,000, mistari sita ya M-Pesa na simu mbili zinatosha, na nguvu iliyobaki itumike kuzipiga kweli simu hizo.

Wakili, nakushukuru kwa namna ya pekee kuhusu nakala za vitambulisho. Baada ya kusoma maelezo yako nilifungua kabati la mume wangu nikakuta faili tatu zenye nakala za watu waliowahi kuomba nyumba tangu mwaka wa 2013, wengi wao hawakuwahi hata kulala humo usiku mmoja. Kulikuwa na hati za mishahara, picha za pasipoti, na barua moja ya daktari ambayo sijui kwa nini tuliichukua. Jana jioni nimekaa na mjukuu wangu tukazichana zote, isipokuwa za wapangaji kumi na mmoja walioko sasa na wale wawili ambao bado wanadaiwa. Barua yenye muhuri wa bluu nimeibakiza, kwa sababu mwenyewe bado ni mmoja wa hao wawili.

Namba 7 iko wazi tena tangu Jumatatu, aliyekuwemo amejenga kwake Bahati na amehama kwa amani na diposti yake. Wamepiga simu watu wanne. Wa kwanza ni dereva wa boda boda, ambaye ameniuliza kama anaweza kulipa kila Jumamosi badala ya mwisho wa mwezi kwa kuwa pesa yake huingia kila siku, nami nimemwambia ndiyo, tutagawa 8,500 kwa wiki na kuandika hivyo kwenye mkataba. Amenipa nambari za wenye nyumba wawili. Wa Pipeline nimempata, na ana nyumba kweli, akanitajia bei kabla sijamaliza swali. Wa Kaptembwo hashiki simu, nitampigia tena kesho baada ya ibada.